Mombasa hadi Maporomoko ya Victoria kwa nchi kavu, peke yako: anza na mipaka

Wengi wanaotaka kusafiri mbali huanza na orodha ya mahali watakapopiga picha. Mimi huwaomba waiweke kando kwanza. Anayesafiri peke yake hana wa kumlindia begi akienda msalani, wala wa kumkopesha nauli. Kinachomkwamisha ni mpaka: kadi ya chanjo aliyoiacha nyumbani, noti zisizopokelewa, au kitu kilicho halali kwetu na haramu kwa jirani. Ipange safari mpaka kwa mpaka, kisha uone jinsi mambo ya katikati yanavyolainika.

Njia nitakayoieleza hapa ndiyo ninayoipenda kwa Mkenya wa Pwani anayetoka mara ya kwanza: Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Mbeya, Tunduma iliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, Lusaka, na Livingstone, mji ulio jirani na maporomoko. Ni nchi tatu, na Kiswahili kitakusindikiza karibu nusu ya safari. Ukitamani Malawi, baada ya Mbeya unashuka kuelekea mpaka wa Kasumulu. Ukitaka kusonga kusini zaidi, Botswana iko ng'ambo ya daraja la Kazungula, lililofunguliwa 2021.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Ondoka mwezi wa sita ukielekea mwishoni. Masika yamekwisha, barabara zimekauka, na Zambezi, mto wa maporomoko hayo, bado una maji ya kutosha. Maporomoko hufurika zaidi karibu na Aprili. Ukichelewa hadi Oktoba au Novemba, upande wa Zambia utakuta sehemu kubwa ya jabali iko uchi.

Ila ujue unaenda kwenye baridi. Kipupwe chetu ni cha kuzima feni tu. Makambako na Mbeya wakati huo watu wanavaa makoti, na Lusaka alfajiri ni hivyo hivyo. Koti zuri utalipata soko la Kongowea kwa bei ya mitumba, na ni afadhali ulinunue huku kuliko kulisaka usiku ukiwa unatetemeka.

Hatua ya 2: Karatasi, miezi mitatu kabla

Kitambulisho cha taifa kinamtosha Mkenya kwenda Uganda na Rwanda. Kwa njia hii chukua pasipoti. Omba kupitia eCitizen, kisha uende mwenyewe uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kama unayo tayari, hakikisha imebakiza miezi sita au zaidi kuanzia siku utakayorudi, na kurasa kadhaa tupu. Mihuri ya safari moja ndefu hula kurasa upesi.

Chanjo ya homa ya manjano usiiache iwe jambo la mwisho. Kadi yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanjwa leo na kusafiri kesho, kisheria ni kama hujachanjwa. Mombasa, ulizia kwa idara ya afya ya bandarini. Tangu Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, kadi hii ni ya maisha. Ukiwa na ya zamani yenye kikomo cha miaka kumi, bado inafaa. Linganisha jina lililoandikwa kwenye kadi na lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Majina yetu ya Pwani huandikwa kwa namna nyingi, na afisa wa mpakani hana wajibu wa kujua kwamba Mohamed na Muhammad ni mtu mmoja.

Kuhusu viza, mwenye pasipoti ya Kenya anaingia Tanzania na Zambia bila viza. Hata hivyo, wiki mbili kabla ya kuondoka soma tovuti ya uhamiaji ya kila nchi unayokwenda, maana masharti hubadilika. Usitegemee aliyekwenda mwaka juzi, hata akiwa ni kakako.

Piga picha kila karatasi, ujitumie kwa barua pepe, na nakala za karatasi umwachie mtu mmoja nyumbani.

Hatua ya 3: Pesa

Hesabu ninayoipendekeza ina mafungu manne: matumizi ya siku mara idadi ya siku, nauli kubwa za nchi hadi nchi, viingilio, na nauli ya kurudi. Fungu la nne ndilo watu hulisahau. Tafuta bei ya kukutoa Livingstone hadi Mombasa kwa njia ya haraka kuliko zote, iweke benki, na usiiguse kwa jambo lolote lisilokuwa kurudi nyumbani. Ukiugua, au mzazi akiugua, hiyo pesa ndiyo itakayokufikisha.

Halafu kumbuka kwamba kinachokula pesa ni kuhama. Siku ya kukaa mji mmoja, gesti ileile, ukila kwa mama ntilie, ni rahisi sana kuliko siku ya basi. Kwa hiyo pesa zikiwa chache, punguza miji, usipunguze chakula.

Beba dola kidogo, noti safi za matoleo ya karibuni, zisizochanika wala kuandikwa. Tanzania imekataza tangu Machi 2025 bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dola zako ni za kubadilisha kwenye duka la fedha, si za kulipia chumba. M-Pesa ipo Tanzania pia, kupitia Vodacom, na unaweza kutumiwa pesa kutoka Kenya hadi laini ya huko. Laini yenyewe isajili kwa pasipoti na alama za vidole, kwenye duka la kampuni, si kwa kijana wa stendi.

Tunduma ndipo penye mtihani. Utazungukwa na wabadilishaji wa mkononi kabla hujashusha begi. Jua kiwango cha siku hiyo tangu asubuhi, na ubadilishe kiasi cha kukufikisha kwenye benki tu. Kwacha ya Zambia ilikatwa sifuri tatu tarehe 1 Januari 2013, hivyo noti ya zamani yenye maelfu haina thamani tena sokoni. Ukipewa noti ya elfu hamsini, irudishe papo hapo.

Hatua ya 4: Begi, na visivyofaa kuwemo

Shanta la mgongoni lisizidi uzito unaoweza kukimbia nao. Kipimo changu kiko Likoni: lijaze, livae, uvuke feri kwa miguu kwenda na kurudi saa ya msongamano. Ukiumaliza ule mpando wa kivukoni bila kusimama, limefaa. Ukisimama, punguza.

Sasa soma hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo mtu wa Mombasa anapoweza kuingia taabani bila kukusudia.

Miraa ni biashara halali kwetu. Tanzania inaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya kisheria. Usibebe hata kishada kimoja, wala usimbebee mtu kifurushi usichokifungua mwenyewe.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, kama kwetu tangu 2017. Nguo zifunge kwenye leso.

Nguo au begi lenye madoadoa ya jeshi usilibebe kabisa. Zambia raia kuvaa madoa hayo ni kosa, na mitumba imejaa hivyo vitu.

Dawa pia. Zambia ni wakali kwa kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, na kwa difenihidramini, iliyomo katika dawa nyingi za mafua na mzio. Soma maandishi ya pakiti. Ambayo huwezi kuiacha, ibebe kwenye pakiti yake pamoja na cheti cha daktari.

Malaria haikuachi kwa kuwa umezaliwa Pwani. Kinga tuliyo nayo ni ya nusunusu. Ongea na daktari kuhusu dawa ya kujikinga, na ubebe chandarua chepesi, kwani vya gesti mara nyingi vina matundu.

Hatua ya 5: Ratiba yenye nafasi

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, mji wa Zambia ulio kaskazini mwa Lusaka, ilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Kwangu hiyo ndiyo roho ya safari hii. Inakata pori la hifadhi ya Nyerere, inapanda nyanda za juu, na maafisa wa uhamiaji hupanda humo humo behewani mpakani. Daraja la kwanza chumba ni cha vitanda vinne, la pili sita, na wanaume hulala mbali na wanawake, jambo zuri kwa dada anayesafiri peke yake.

Lakini huduma za abiria zimewahi kukatizwa, na treni huchelewa kwa saa nyingi. Uliza TAZARA wenyewe kabla hujalipa chochote kinachoitegemea, na uweke siku mbili tupu baada yake. Stesheni yake Dar iko Barabara ya Nyerere. Usijipeleke kwenye stesheni ya treni ya umeme iendayo Dodoma, ni reli nyingine. Ikiwa haitembei, mabasi ya Mbeya na Tunduma yako stendi ya Magufuli, Mbezi.

Tiketi ya Tanzania iliyoandikwa saa 12:00 huenda ni alfajiri, uliza. Na ukivuka Tunduma, rudisha saa yako nyuma saa moja.

Hatua ya 6: Mtu mmoja nyumbani

Mchague mtu mmoja, asiye na pupa, umwachie ratiba. Kila jioni mtumie ujumbe wenye mji, jina la gesti na utakapoelekea kesho. Kubalianeni kabisa: akikosa habari zako kwa siku mbili, apige simu gesti ya mwisho, kisha ubalozi wa Kenya. Kwenye treni mtandao hupotea, kwa hiyo mwambie mapema.

Usifike mji mgeni usiku. Hilo moja hupunguza hatari kuliko vyombo vyote vya kununua. Ukichelewa, lala mji wa kabla.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza iwe fupi

Kata tiketi ya basi la asubuhi Mwembe Tayari, uishie Tanga, usiunganishe hadi Dar. Mpakani, ukishapita Lunga Lunga, utagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania. Kabla hujaondoka dirishani, soma idadi ya siku ulizopewa, na kama hazitoshi omba kwa heshima wakati afisa bado yuko mbele yako.

Tanga ni mbali kiasi cha kuujaribu mpango wako wote, na karibu kiasi kwamba kurekebisha si ghali. Sajili laini, badilisha pesa, lala. Asubuhi mwaga begi lote kitandani. Ulichokiona ni mzigo, kifunge vizuri, ukipeleke kwenye ofisi ya basi linalorudi Mombasa, na uandike jina na simu ya atakayekipokea Mwembe Tayari.