Achana na Mbuta, Vua Ngege: Ndoano na Mwanzi Ukingoni mwa Ziwa, Kisumu

Mashemeji zangu wa Nakuru wakija Kisumu huwa na picha moja kichwani: mbuta mkubwa, yaani sangara, ananing'inia mkononi, simu inapiga picha. Wananunua mshipi mnene wa kuvutia gari na ndoano za kutisha, wanasimama ukingoni asubuhi nzima, wanarudi kununua samaki wa kukaanga. Mbuta yupo, sikatai. Lakini wale wakubwa wanapenda maji ya kina yenye hewa ya kutosha, na wanaowafuata huko wana boti na kamba ndefu zenye mamia ya ndoano. Wewe unayesimama nchi kavu na mwanzi mkononi, samaki wako ni ngege, yaani tilapia, na kwa ngege kila kitu kinapungua: mshipi, ndoano, chambo, hata nguvu ya kuvuta.

Mimi ni fundi cherehani, Kondele. Nashika mwanzi alfajiri kabla ya kufungua duka, kwa hiyo haya ni maelezo ya uvuvi wa saa mbili tatu, bila boti, mboga ya jioni ikipatikana sawa, isipopatikana sukuma ipo.

Tafuta mwanzi mkavu wa mita tatu hadi nne, wenye ncha inayopinda bila kuvunjika. Funga mshipi mwembamba wa nailoni unaolingana na urefu wa mwanzi. Kwenye ndoano, kumbuka namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Omba namba 12 au 14, na mwenye duka akikucheka mwache acheke. Ngege ana mdomo mdogo, hudonoa. Ukimpa ndoano kubwa atamaliza chambo pembeni na kukuachia chuma kitupu.

Boya ndilo wengi wanalipuuza. Mimi hukata kandambili iliyochakaa, kipande chembamba cha urefu wa kidole, nikakitoboa kwa sindano niliyoipasha moto. Chini yake, karibu na ndoano, bana kipande kidogo cha madini ya risasi. Sasa jaza ndoo maji, pale pale nyumbani, utumbukize. Boya linatakiwa kusimama wima, sehemu kubwa ikiwa imezama na kichwa tu ndicho kinachoonekana. Likielea lote juu, ngege akivuta atahisi uzito na kutema. Punguza kandambili kwa wembe, kidogo kidogo, mpaka lisimame. Kazi hii ya dakika chache kwenye ndoo ina faida kuliko fimbo ya kununuliwa ya maelfu ya shilingi.

Chambo ni cha aina mbili. Nyungunyungu wanapatikana chini ya migomba au pembeni mwa boma la ng'ombe. Waweke kwenye mkebe wenye udongo mbichi na utoboe kifuniko. Usimtundike mzima: kata kipande kinachofunika ndoano, kimkia kidogo kibaki kikichezacheza. Ubaya wake nyungunyungu huita kila samaki: fulu wadogo, mumi (kambare), na yule okoko mwenye miiba. Ndiyo maana mimi napendelea ugali. Chukua kiporo, ukikande pamoja na unga kidogo wa ngano na omena waliotwangwa, mpaka ushikamane bila kunata kwenye vidole. Tonge la ndoano lisizidi punje ya mahindi.

Halafu kuna kuwaita. Changanya pumba za mahindi na tope la ukingoni, finyanga madonge ya ukubwa wa ngumi, tupa mawili pale utakapovua. Tope ndilo linalozipeleka pumba chini, la sivyo zinaelea na kwenda zake. Ukipata machicha ya busaa, bora zaidi. Usiwashibishe lakini, baada ya hapo ni vipande vidogo vya mara moja moja.

Mahali pazuri ni kando ya mafunjo, au palipo na miti iliyofia majini ziwa lilipopanda mwaka 2020. Pale Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, pitia kwanza ofisi ya BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, uulize unaporuhusiwa kuvua na sehemu zilizofungwa kwa ajili ya mazalia. Wakati huo huo waulize magugu maji yamelalia wapi leo, kwa maana upepo huyahamisha, na ukingo uliokuwa wazi jana unaweza kuzibwa usiku mmoja. Chini ya magugu mazito hewa ya majini hupungua na ngege huhama. Wanaobaki ni mumi na kamongo, kwa sababu hao hupanda juu kuvuta pumzi. Ukikuta hali hiyo, badilisha mpango: ndoano kubwa zaidi, nyungunyungu mzima, chambo kilale chini. Kamongo akinasa, kata mshipi. Usimfuate ndoano mdomoni, meno yake hayana mzaha na kidole.

Ili ujue kina, shusha ndoano bila chambo. Boya likilala ubavu, risasi imekaa topeni; sogeza boya lishuke kuelekea ndoano hadi lisimame, kisha lisogeze tena kiganja kimoja kuelekea ndoano. Chambo kining'inie hapo, juu kidogo ya tope.

Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huja na mawimbi, boya linacheza lenyewe na huwezi kulisoma. Na kulisoma ndiyo kazi yenyewe. Litatetemeka, litatulia, litatetemeka tena. Usivute. Ngoja mpaka liondoke kwa ulalo au lizame taratibu, hapo inua kwa kifundo cha mkono tu. Mashemeji huvuta kana kwamba wanamrusha samaki hadi Kibos. Mdomo unachanika, samaki anabaki ziwani.

Ukimtoa, mshike kwa kitambaa kibichi ukilaza miiba ya mgongo kutoka kichwani kuelekea mkiani. Okoko mshike kwa uangalifu zaidi, maana miiba yake ikisimama haikunjiki. Ngege chungulia mdomoni. Jike huatamia mayai na kulea vifaranga humo, na ingawa wakati huo hali sana, mara nyingine hunasa. Ukiona punje za manjano, mrudishe upesi, umwachilie ndani ya maji. Wadogo nao warudi. Mbuta mdogo akidandia, sheria inataka asipungue sentimita 50.

Usisimame majini, hata kama maji yanaonekana safi. Konokono wa ukingoni wana kichocho, na jua la mchana ndilo linalowafanya wakitoe kwa wingi. Kuhusu viboko: usiku hutoka kula nyasi na alfajiri hurudi. Subiri mwanga ukamilike, tazama nyayo na mavi mabichi, na usijiweke kati ya kiboko na maji. Jioni, jua likianza kushuka, kunja mshipi uondoke.

Mkono ukishazoea, nenda Siaya, Ziwa Kanyaboli, kwenye kinamasi cha Yala. Ngege wengi tunaowavua Dunga ni wa jamii iliyoletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ngege wa asili walipungua mno baada ya hao na mbuta kuingia, lakini Kanyaboli bado wapo. Mafunjo yamezunguka ziwa, kwa hiyo ukingoni hupati nafasi. Kubaliana bei na mwenye mtumbwi tangu jana yake. Beba ndoano ndogo zaidi, chukua wa kutosha sufuria moja, na wengine uwaache.