Homa ya miezi ya mwisho ya ujauzito: mambo ya kuzingatia kabla hujaugua

Mimba ikifika mwezi wa saba, nyumba nyingi hapa Dodoma zinaanza maandalizi. Kanga zinanunuliwa, pamba, mpira wa kutandika, uzi, nguo za mtoto. Yote hayo ni ya siku ya uchungu. Siku ya homa haina anayeiandaa, na homa inaweza kuja usiku mimba ikiwa na wiki 33, mume yuko mnadani, alizeti haijauzwa na kadi ya kliniki haijulikani iko wapi. Ninayoandika hapa ni ya kupanga mapema, mama angali mzima na kichwa kimetulia.

Kwanza ieleweke kwa nini maambukizi ya miezi hii si ya kuchukuliwa kama mafua. Tumbo likishakuwa kubwa linabana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, hasa wa kulia, na homoni za ujauzito zinailegeza. Mkojo unatuama, bakteria wanapata nafasi ya kupanda juu. Wapo wajawazito wenye bakteria kwenye mkojo ambao hawasikii chochote, na wasipotibiwa karibu robo yao huishia na maambukizi ya figo. Ndiyo maana mkojo unapimwa kliniki hata kama huumwi, na ndiyo maana si vizuri kuukwepa mstari wa maabara kwa sababu ni mrefu. Maambukizi yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wiki 37. Yakiingia kwenye damu yanageuka sepsisi, na sepsisi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wajawazito na waliojifungua duniani. Tatizo jingine ni kwamba mwili wa mjamzito unaficha. Mapigo ya moyo tayari yako juu kidogo, anahema kwa sababu ya tumbo, mgongo unauma kila siku. Mama mkwe akiambiwa "mgongo unauma" atajibu, kwa nia njema kabisa, kwamba mimba ndivyo zilivyo.

Kwa hiyo familia nzima ijue mapema dalili ambazo hazisubiri kukuche. Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kutetemeka kwa baridi. Maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, yale ya upande mmoja yanayokuja pamoja na homa au kutapika. Kupumua haraka, kuchanganyikiwa, mkojo kuwa mchache sana. Maji yenye harufu mbaya ukeni, au tumbo linalouma ukiligusa. Mtoto kucheza kidogo kuliko alivyozoea. Nunua kipimajoto cha kidijitali famasi ukae nacho nyumbani. Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi, hasa Oktoba na Novemba wakati jua la hapa linampasha kila mtu.

Chupa ya uzazi ikipasuka kabla ya uchungu, hiyo ni safari ya kwenda kituoni saa hiyo hiyo, hata kama hakuna maumivu. Kila saa inayopita inawapa vijidudu njia ya kupanda kwenye mfuko wa uzazi. Vaa pedi au kitambaa safi, usiingize kitu chochote ukeni, usikubali dawa ya kienyeji ya kuita uchungu. Angalia saa ilipopasuka na rangi ya maji, kwa sababu mkunga atakuuliza. Maji ya kijani yanaonyesha kwamba mtoto amejisaidia tumboni.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza siku mbili tatu za thamani.

Mikoa ya kati ni kati ya maeneo yenye malaria kidogo nchini. Hata hivyo mazoea ya kusikia homa na kununua dawa mseto duka la jirani bado yapo. Malaria ipimwe, maana kwa mjamzito ni hatari na watu wanasafiri. Lakini kipimo kikitoka hasi, swali halijaisha. Homa inatoka wapi? Mkojo, mapafu, jino, titi, mfuko wa uzazi? Hata jibu la "taifodi" la kipimo cha damu cha dakika chache lisifunge mjadala, kwa kuwa kipimo kile hukosea mara nyingi. Na kwa familia za wafugaji: kama umekunywa maziwa yasiyochemshwa, au umesaidia mbuzi au ng'ombe kuzaa au kutupa mimba, mwambie daktari bila kuulizwa. Ugonjwa wa kutupa mimba kwa mifugo unaambukiza watu pia, unaleta homa inayokuja na kuondoka, na dawa wanayopewa watu wengine huenda isikufae wewe.

Duka la dawa muhimu lina kazi yake kijijini na sina neno baya nalo. Ila muuzaji haoni kadi yako wala hawezi kumsikiliza mtoto tumboni. Doksisaiklini huingia kwenye mifupa na meno ya mtoto. Siprofloksasini kwa kawaida huepukwa. Diklofenaki na ibuprofeni, zile ambazo mtu anamegewa vidonge viwili vya mgongo, katika miezi ya mwisho zinaweza kufunga kabla ya wakati mshipa muhimu ulio karibu na moyo wa mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Nitrofurantoini, inayotibu maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) vizuri katika miezi ya kati, huachwa karibu na kujifungua. Kotrimoksazoli nayo huepukwa karibu na kujifungua, lakini mama anayeimeza kila siku kwa sababu ya VVU asiiache bila kuongea na kliniki yake. Mama huyo hapewi SP juu yake. SP zile za kliniki ni za kukinga malaria, hazitibu homa uliyonayo.

Antibayotiki salama zipo, tena nyingi ni za kawaida kabisa kama amoksilini, sefaleksini, na seftriaksoni ya sindano. Kinachotakiwa ni mtu aliyekupima achague, aandike dozi na siku. Vidonge vinne vya kuazima kwa jirani havimalizi maambukizi. Vinayanyamazisha kidogo tu, kisha yanarudi yakiwa sugu. Parasetamoli unaweza kumeza kushusha joto wakati safari inaandaliwa. Lakini kumbuka saa uliyoimeza na uiseme ukifika, la sivyo utapimwa, joto litaonekana la kawaida, na utarudishwa nyumbani.

Jambo jingine la kupanga ni mahali. Ukiwa kliniki siku huumwi, muulize nesi: usiku hapa yupo nani? Maabara inafungwa saa ngapi? Upasuaji na damu ya kuongezewa vipo, na kama havipo mnatuma wapi? Zahanati inaweza kuanza matibabu na kuandika rufaa. Vituo vya afya vingine vina chumba cha upasuaji, vingine havina, na jina peke yake halikwambii. Mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji tunaiita Jenerali, na ile ya Benjamin Mkapa upande wa Chuo Kikuu. Chamwino ipo Hospitali ya Uhuru, na ile ya kanisa pale Mvumi. Kongwa, Mpwapwa na Kondoa zina hospitali zake. Aliyeko Farkwa, Kibakwe au Mtera ahesabu njia kwa msimu. Kati ya Desemba na Aprili korongo likijaa, barabara ya kilomita chache inakuwa usiku mzima. Kama mimba imefika wiki 36 na nyumba iko ng'ambo ya korongo, kuhamia kwa ndugu aliye karibu na kituo ni busara, hata kama mama mwenyewe anaona aibu kuwa mzigo.

Usafiri: hifadhi namba 115 kwenye simu ya mama, ya mume, na ya jirani mmoja. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepokea atauliza uko wapi, mimba ina muda gani na dalili ni zipi, kisha atatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye analipwa na mfumo. Jizoeze kueleza mahali ulipo kwa alama ambazo dereva mgeni ataelewa: shule, kanisa, msikiti, mashine ya kusaga. Pamoja na hayo, kubaliana mapema na mwenye gari au bajaji wa karibu, kwa sababu mtandao hukatika. Bodaboda kwa mwenye homa kali na kizunguzungu naiogopa, na nasema hivyo nikijua kwamba vijiji vingine hakuna kingine. Ikibidi, awepo mtu wa kumshika nyuma na dereva aende taratibu. Kwenye gari alale ubavu wa kushoto, asilale chali, ili tumbo lisikandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo.

Fedha. Huduma za mjamzito kwenye vituo vya serikali zimewekwa bila malipo kisera, lakini dawa ikikosekana stoo utaandikiwa ukanunue nje, na ndugu anayekusindikiza anahitaji kula. Weka akiba kwenye simu, na mtu wa pili awe na uwezo wa kuitoa. Kama una bima, kadi yake ikae pamoja na kadi ya kliniki, kwenye mfuko mmoja unaoning'inia mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuelekezwa akaleta. Kadi ile ina kundi la damu, wingi wa damu, presha, majibu ya kaswende na VVU, na tarehe za SP. Daktari wa usiku ambaye hajawahi kukuona ataanzia hapo. Iandikwe pia dawa inayokudhuru, hasa kama penisilini imewahi kukuvimbisha au kukubana kifua.

Jambo gumu kuliko yote ni nani anasema "twende". Nyumba nyingi zinamsubiri mume, au baba mkwe, au mwenye fedha. Mliongee hili mkiwa mmekaa vizuri, mume awepo, na aseme mwenyewe mbele ya mama yake: joto likifika 38, au mtoto akipunguza kucheza, asisubiriwe mtu. Likishasemwa hivyo, mke hana haja ya kuomba ruhusa huku anatetemeka.

Ukifika mapokezi, maneno yako ya kwanza yana kazi kubwa. Mama mgonjwa, kwa adabu, husema hivi:

"Shikamoo, nesi."
"Marahaba. Unasumbuliwa na nini?"
"Mgongo tu, na kichwa."

Akakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Sema badala yake: "Shikamoo, nesi. Nina mimba ya wiki 34, nina homa ya 38 na nusu tangu jana jioni, natetemeka, na mtoto leo amecheza kidogo. Nilimeza parasetamoli saa 12 asubuhi." Kama wewe huwezi kusema, aliyekusindikiza aseme. Hiyo si kuruka foleni. Nesi mzuri akisikia hivyo atakuinua kwenye benchi.

Mkojo wa kupima unataka uangalifu mdogo ambao watu hawaelezwi. Jisafishe kwa maji, anza kukojoa, mkojo wa mwanzo uuache uende, kinga wa katikati, usiguse ndani ya kopo wala kifuniko. Upeleke maabara papo hapo. Kwa joto la Dodoma, kopo likikaa juani kwa muda wa saa mbili bakteria watakuwa wameongezeka na jibu halitakuwa lako. Kama kituo kina uwezo wa kuotesha mkojo, yaani kukuza bakteria waliomo ili watambuliwe, omba uchukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ilimradi dozi yenyewe isicheleweshwe kwa mgonjwa aliyezidiwa. Majibu ya kuotesha huchukua siku mbili au zaidi, na ndiyo yanayoonyesha ni dawa ipi vijidudu vyako haviisikii.

Ukilazwa, tarajia kanula (kimrija kinachoachwa mshipani), dripu, sindano za antibayotiki, damu kupimwa, na moyo wa mtoto kusikilizwa mara kwa mara. Kama uchungu unatishia kuanza kabla ya wiki 34, unaweza kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Uliza jina la kila dawa na uandike. Kujisikia nafuu siku ya pili si kibali cha kuomba ruhusa ya kuondoka.

Baada ya kutoka, maliza dozi, na uliza siku ya kurudi kupima mkojo tena, kwa sababu maambukizi ya figo hupenda kurudi kabla mimba haijaisha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mahudhurio 8 ya kliniki, na 5 kati ya hayo ni kuanzia wiki ya 30. Usiyaruke kwa kuwa ulikuwa hospitali juzi. Na siku ya uchungu, mkunga yeyote utakayemkuta leba, mwambie ulikuwa na maambukizi, yapi, na ulitibiwa kwa dawa gani. Mtoto wako ataangaliwa kwa jicho la karibu zaidi: kama ananyonya, kama mwili ni wa moto au wa baridi kupita kiasi, kama amelegea, kama anapumua zaidi ya mara 60 kwa dakika. Mkiwa nyumbani mkiona hanyonyi, au mojawapo ya hayo mengine, namba ni ile ile, 115.