Somo: Kupima soko kabla ya kufufua biashara katikati ya mji mdogo

Miji mingi huanza na taa na matofali mapya, halafu fremu za maduka zinabaki na makufuli. Anza na hesabu.

1. Mpaka wa soko. Waombe wenye maduka matano hadi kumi ya aina tofauti waandike, kwa wiki mbili, kila mteja katokea mtaa au kijiji gani. Jina la mteja halihitajiki. Weka nukta kwenye ramani, kisha zungushia eneo linalobeba takribani asilimia 75 ya nukta hizo. Kama rekodi hamna, tumia kanuni iliyotokana na kazi ya William J. Reilly, mtafiti wa masoko wa Marekani (1931). Tuseme mji wenu una watu 20,000 na mji jirani 80,000, umbali kilomita 40: gawanya 80,000 kwa 20,000, tafuta kipeuo cha pili (2), ongeza 1, gawanya 40 kwa 3. Mvuto wenu unaishia kilomita 13 hivi. Kanuni haijui mto usio na daraja, kwa hiyo nukta zikipingana nayo, fuata nukta.

2. Fremu. Pita jengo kwa jengo: biashara gani, mita za mraba ngapi, saa za kufungua na kufunga. Fremu tupu itenge na fremu mbovu, yenye paa linalovuja au isiyo na umeme. Ukizichanganya utatangaza nafasi ambazo mpangaji hawezi kuhamia.

3. Wapita njia. Hesabu dakika 15 katika kila saa, zidisha kwa 4. Vituo vilevile, pande zote mbili za barabara, siku ya kazi na Jumamosi. Mvua ikinyesha, rudia siku nyingine. Andika pia wangapi wameingia dukani. Njia iliyojaa watu wasiosimama haimlipii mtu pango.

4. Hojaji. Watu 384 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatosha kwa kosa la asilimia 5, yaani jibu linaweza kupotoka kiasi hicho juu au chini. 96 kwa asilimia 10. Uliza mara ya mwisho alinunua nini, wapi, na kwa nini huko. “Ungependa duka gani?” ni swali la kupotezea karatasi: kila mtu atataja duka zuri ambalo hatanunua kitu humo.

5. Pengo. Idadi ya watu mara matumizi ya mtu kwa mwaka kwenye bidhaa husika, toa mauzo yaliyopo ndani ya mpaka. Baki ndiyo fedha inayotoka. Igawanye kwa mauzo ya kawaida ya mita moja ya mraba. Ukipata mita 600, usijenge 600. Sehemu kubwa ya wateja hao wana mazoea ya kwingine. Mimi ningeanza na robo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tumehoji watu 400 barabarani, wengi wanasema wameridhika. Mbona fremu ni tupu?*
Mmewahoji wanaokuja. Asiyekuja hayupo barabarani, mfuateni nyumbani. Angalau nusu ya sampuli itoke huko.

*Wenye maduka hawataki kutaja mauzo. Wanahofia kodi.*
Wana haki ya kuhofia. Wape madaraja ya mauzo ya kuweka alama, karatasi isiyo na jina, sanduku lililofungwa. Anayekataa, hesabu wateja wake kwa siku mara wastani wa manunuzi.

*Takwimu zinadumu muda gani?*
Hesabu ya wapita njia irudieni kila mwaka, mwezi uleule. Hojaji inaweza kukaa miaka mitatu, isipokuwa barabara ya mchepuko ikifunguliwa. Hapo rudini hatua ya kwanza.