Karatasi za mazoezi ya kuandika na kuhesabu: kuzipanga na kuzitoa kopi

Karatasi inaweza kupendeza kwenye kompyuta, lakini kabla ya kumfikia mtoto inapita kwenye fotokopi ya steshenari, iwe Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma. Ipange ukiikumbuka mashine hiyo, na penseli butu ya mtoto.

Laza A4 kisha igawe katikati: kila kipande kinakuwa na upana wa sentimeta 14.85 na kimo cha 21. Darasa la watoto 60 linatumia karatasi 30. Rimu ya karatasi 500 inatoa mazoezi 16, na 20 zinabaki kwa zitakazoharibika. Acha sentimeta 1.2 kila ukingo, kwani printa nyingi hazichapi hadi mwisho wa karatasi. Ukitaka kutumia pande zote mbili, chukua ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi huonyesha maandishi ya upande wa pili.

Kwa kuandika darasa la kwanza, chora mistari iliyoachana milimita 8: wa juu, wa kati wa nukta, wa kukalia herufi, na nafasi ya mikia ya g, j na y. Hapo safu moja ni milimita 24, na safu sita zinaenea. Darasa la pili punguza hadi milimita 6.

Chagua mwandiko wa kompyuta (fonti) wenye a ya duara, kama Comic Sans au Century Gothic. Ile a ya Arial yenye kichwa kilichopinda haifanani na anayoandika mwalimu ubaoni, na mtoto ataichora kama picha. Kila safu ianze na herufi kamili yenye kitone cha kuanzia na mshale, zifuate mbili za nukta, kisha nafasi tupu. Usijaze nukta safu nzima: mtoto ataunga kitone kwa kitone, mkono ukitetemeka, bila kujifunza mwendo wa herufi. Rudia kielelezo mwisho wa safu pia, upande wa kulia, kwa sababu anayeandika kwa mkono wa kushoto hukifunika cha mwanzo. Herufi b na d zisiwe karatasi moja mpaka ya kwanza imekaa.

Hesabu za wima zinataka jedwali la vyumba vya sentimeta 1.3, tisa kwa upana. Kila hesabu inachukua vitatu: alama, makumi, mamoja. Juu acha chumba kitupu cha kumi linalohama. Bila vyumba hivyo, 27 + 15 hurudi ikiwa 312, kwani mtoto ameandika 12 yote chini ya mamoja. Weka tatu rahisi kwanza (23 + 14), kisha tatu za kuhamisha. Za kutoa zipe karatasi yake. Kwenye 42 − 17 wengi huandika 35, maana wanatoa ndogo kwenye kubwa popote ilipo. Ukiona 35 nyingi, rudi kwenye vijiti vya kuhesabia.

Chini weka fumbo moja: “Mtumbwi umeleta migebuka 27 asubuhi na 15 jioni. Jumla ni migebuka mingapi?” Mtoto wa Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, anawajua samaki hao na hahitaji picha kulielewa. Karatasi zinazopakuliwa mtandaoni zina matofaa na theluji, tena nyingi zimepangwa kwa saizi ya Marekani, sentimeta 21.6 kwa 27.9, kwa hiyo kwenye A4 hukatwa pembeni au husinyaa.

Hifadhi faili kama PDF kabla ya kulipeleka steshenari, la sivyo kompyuta yao itabadili mwandiko na jedwali litavurugika. Agiza lichapwe kwa asilimia 100, siyo “kujaza ukurasa”, kisha pima chumba kimoja kwa rula. Nukta ziwe nyeusi. Za kijivu hupotea kwenye kopi. Picha zilizojazwa weusi hula wino bure. Ile karatasi ya kwanza itunze kwenye bahasha, na kila kopi itolewe kutoka kwayo. Kopi ya kopi hufifia haraka. Wakati wa mvua usifungue rimu mapema, karatasi yenye unyevu hujikunja na kukwama mashineni.