Somo: Kupiga picha za radi juu ya Ziwa Viktoria bila kuhatarisha maisha

Radi nyingi za Ziwa Viktoria hupiga usiku. Jua likishatua, nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo hugeuka na kuvuma kuelekea ziwani, na pepo za pande zote zikikutana huko huisukuma hewa yenye unyevu juu hadi ikawa mawingu ya radi. Kwa hiyo mpiga picha wa Mwanza, Musoma au Bukoba anaweza kuipiga dhoruba iliyo mbali, yeye akiwa amekaa mahali salama.

Hatua ya 1. Chagua mahali pa kukaa kabla hujaishika kamera. Kaa ndani ya nyumba imara yenye nyaya za umeme na mabomba ya maji, au ndani ya gari lenye paa la chuma, vioo vikiwa vimefungwa. Baraza, kibanda cha makuti, kivuli cha mti na mtumbwi havikukingi, wala viatu vya mpira havikukingi. Yale mawe makubwa ya Mwanza, ambayo wengi hupenda kuyapanda kwa sababu ya mandhari yake, ndiyo mahali pabaya kuliko pote.

Hatua ya 2. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila sekunde 3 ni takribani kilomita 1. Zikiwa 30 au pungufu, usiwe nje kwa sababu yoyote, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mvua kutokufikia si kinga, kwani radi huweza kupiga zaidi ya kilomita 10 kutoka inaponyesha.

Hatua ya 3. Zima taa za chumbani, futa kioo, sogeza lenzi karibu nacho, na usiguse nondo za dirisha. Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, weka fokasi kwa mkono kwenye taa ya mbali, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100 au 200, tundu la lenzi f/8 (namba ya f ikiongezeka, tundu hupungua), na shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ibaki wazi sekunde 15 hadi 30. Piga mfululizo bila kungoja mwako, kwa sababu ukiuona ndipo ubonyeze, umekwisha kuukosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Radi yangu hutoka nyeupe tupu. Nipunguze sekunde?
Jibu: Hapana. Mwako wenyewe hudumu chini ya sekunde moja, kwa hiyo sekunde zako hubadilisha anga na taa za mji tu. Punguza tundu hadi f/11 au f/16, hasa radi ikiwa karibu.

Swali: Nina simu tu.
Jibu: Rekodi video simu ikiwa imeegemezwa vizuri, kisha toa picha moja ndani yake. Kama simu yako ina mpangilio wa kuchagua mwenyewe ISO na sekunde, tumia vipimo vya hatua ya 3.

Swali: Je, naweza kuiacha kamera nje, mimi nikakaa ndani?
Jibu: Unaweza, mradi uiweke kabla dhoruba haijakaribia na ijipige yenyewe, au uiongoze bila waya. Usishike waya unaotoka kwenye kamera iliyo nje. Mvua ikianza kuilowesha kabla ya zile dakika 30 kutimia, iache ilowe.