Kabla hujafungua mlango wa basi la shule

Nikitoka Nkuhungu asubuhi kwenda mjini, jua linanipiga usoni, kwa hiyo kioo cha mbele nakifuta tangu usiku. Vumbi la Dodoma halisubiri.

Ila kinachonitisha ni bodaboda anayepenya kushoto, upande wa mlango! Kituoni sogea ukingoni kabisa usimwachie upenyo, washa taa za tahadhari, tazama kioo cha kushoto, ndipo umwambie matroni, “Dada, fungua.” Atangulie yeye kushuka. Usiondoe gari mpaka amehesabu vichwa vyote, hasa wa chekechea. Wakipita karibu na bampa huwaoni.

Njiani acha nafasi ya sekunde tatu nyuma ya gari la mbele yako, mvua ikinyesha ongeza. Kwa kilomita 50 kwa saa, kila sekunde unameza karibu mita 14.