Pima Kifua cha Mtamba Chotara Kabla ya Kumpandisha

Mvua ndefu zinapoanza, wito wa usiku huwa ule ule: mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa, amekwama kuzaa tangu alasiri, kwato za ndama zinaonekana, na vijana watano wamekwisha kufunga kamba na wanavuta. Kuanzia Njoro na Rongai hadi Nyakach na Vihiga, hapa Kenya, nikiuliza mtamba huyo alikuwa na uzito gani siku aliyopandishwa, ninajibiwa umri. "Alikuwa na miezi kumi na minne, daktari, na joto lilikuwa limekuja mara ya tatu." Miezi si uzito, wala joto, yaani siku za jike kutaka ndume, si uzito. Kosa hili moja linawagharimu wafugaji ndama, mara nyingine mtamba mwenyewe, na takriban miaka miwili ya malisho na dawa iliyotumika kumlea.

Sipingi uzalishaji wa chotara. Nimeuhimiza kwa miaka mingi na bado ninauhimiza. Jike wa zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, akipandishwa kwa mbegu ya Ayrshire au Freshiani, ng'ombe wa maziwa wa kigeni, ndama wake hukua haraka kuliko zebu, hutoa maziwa mengi zaidi, na hubaki na sehemu ya ustahimilivu wa mama yake dhidi ya jua kali na kupe. Nguvu hiyo ya uchotara huwa kamili katika kizazi cha kwanza, na hupungua kwa nusu chotara akipandishwa na ndume chotara wa jirani. Kadiri damu ya kigeni inavyozidi, ndivyo ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, inavyomwinda mnyama na ndivyo anavyodai nyasi na maji mengi. Hayo mmeyasikia katika mabaraza, na wengi wenu mmeyaona katika mazizi yenu.

Jambo ambalo halizingatiwi ni kwamba chotara hudanganya macho. Hurithi urefu wa miguu ya baba mapema, akaonekana mkubwa akilinganishwa na mama yake, ilhali kifua bado ni chembamba na nyonga haijapanuka. Joto la kwanza huja mtamba anapofikia karibu asilimia 40 hadi 50 ya uzito wa ng'ombe aliyekomaa, na kwa chotara aliyelishwa vizuri hilo laweza kutokea kabla hajatimiza mwaka. Joto linaonyesha kwamba mfuko wa uzazi umeanza kazi, wala halionyeshi kwamba ndama atapata njia ya kutokea. Kwa sababu hiyo hiyo, madume wadogo watengwe na mitamba wakifika miezi 6, kwa maana mimba nyingi za mapema hazitokani na mbegu iliyonunuliwa bali na ndama dume aliyeachwa katika zizi moja na dada zake.

Mtamba apandishwe akiwa na asilimia 60 hadi 65 ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. Freshiani asiwe chini ya kilo 300, Ayrshire kilo 280, na Jersey kilo 230. Kwa chotara, msitumie uzito wa mama yake wa zebu kama kipimo, kwa sababu binti atamzidi. Tafuteni ng'ombe chotara wa mchanganyiko ule ule aliyekwisha kuzaa mara tatu, mumpime huyo. Akiwa na kilo 380, binti wa aina yake asubiri hadi afikishe kilo 228 hadi 247, na kilo 220 hazitoshi hata kama joto limekuja mara tano.

Sasa kupima kwenyewe, ambako ndiko wengi huharibu. Mnyama apimwe asubuhi kabla ya kula na kunywa, akiwa amesimama kwenye ardhi tambarare, miguu minne imelingana na kichwa kimeinuliwa kawaida. Utepe wa kupima kifua umzunguke mnyama nyuma kabisa ya miguu ya mbele na nyuma ya bega, ukaze bila kuibana ngozi. Kisha pimeni urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya mfupa wa tako. Zidisheni kifua kwa kifua, mzidishe tena kwa urefu, vyote kwa sentimita, halafu mgawanye kwa 10,840, mpate uzito kwa kilo. Mtamba mwenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa sentimita 130 ana takriban kilo 270. Mkiulegeza utepe kwa sentimita 5 tu, hesabu itawaambia kilo 288, na kilo 18 ambazo hazipo ndizo zitakazowaamsha usiku. Nimewaona watu wakipima kwa kamba ya katani juu ya matope yaliyokauka, kisha wakanionyesha karatasi kwa fahari. Huko si kupima. Pimeni mara tatu mchukue wastani, na kwa kuwa utepe hauwi sahihi kama mizani, ongezeni subira ya mwezi mmoja pale ambapo hesabu imegusa mpaka tu.

Wapo wanaoniambia kwamba tumbo la mama hujipangia lenyewe ukubwa wa ndama. Wana sehemu ya ukweli. Mwaka 1938 watafiti Walton na Hammond wa Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuchanganya farasi wakubwa wa Shire na farasi wadogo wa Shetland kwa njia zote mbili: mtoto aliyezaliwa na jike wa Shire alikuwa na uzito wa takriban mara tatu wa yule aliyezaliwa na jike wa Shetland, ingawa wote wawili walikuwa nusu kwa nusu. Kwa ng'ombe kizuizi hicho cha tumbo la mama kipo, ila ni dhaifu zaidi. Humsaidia jike wa zebu aliyekomaa, lakini hakimtoshi mtamba ambaye bado anakua. Tena mwelekeo wa mchanganyiko una uzito wake: ndume wa Sahiwal, aina ya zebu wa maziwa, juu ya mtamba wa Jersey huleta ndama mzito zaidi kuliko ndume wa Jersey juu ya jike wa Sahiwal, na mimba hukaa siku kadhaa zaidi. Kwa mimba ya kwanza, mwambieni mhudumu wa uhimilishaji, yaani anayepandisha kwa mbegu bila ndume, awape mbegu ya ndume anayejulikana kwa ndama wepesi kuzaliwa, na Jersey ni chaguo zuri.

Ili ndama aliyezaliwa na kilo 25 afike kilo 250 katika miezi 18, aongeze takriban gramu 410 kwa siku, yaani kilo 12 na kidogo kila mwezi. Pimeni tarehe ile ile ya kila mwezi na muandike. Akikosa kilo hizo miezi miwili mfululizo, tafuteni sababu katika minyoo, kupe au hori tupu, na msisubiri mwaka uishe.

Akiisha kushika mimba, msimpunguzie chakula mkidhani ndama atakuwa mdogo; mtamba mwenye njaa hukosa nguvu za kusukuma. Aliyefikishwa uzito wake huzaa mwenyewe na kurudi kwenye joto mapema. Chupa ya maji ikipasuka na saa moja ikapita bila hatua yoyote, mwiteni daktari wa mifugo wakati huo huo, na wasivute zaidi ya watu wawili.